Je, Wajua? Ndege Ndogo Hununuliwa Mara Moja, Hugharamiwa Kila Mwaka

Mtu akisema ana ndege yake mwenyewe, wengi humhesabu papo hapo miongoni mwa mabilionea. Hesabu hiyo si sahihi kila mara. Nchini Marekani, ambako ndege ndogo za watu binafsi ni nyingi kuliko katika nchi nyingine yoyote, wako walimu, mafundi umeme na wastaafu wanaoruka Jumamosi asubuhi kwa ndege zilizoundwa miaka mingi iliyopita. Siri yao ni kwamba walielewa mapema jambo moja: bei ya kununua si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni kuitunza ndege mwaka baada ya mwaka, na hapo ndipo watu wa kipato cha kawaida wamebuni njia zao. Tuzipitie, pamoja na mambo mengine usiyoyatarajia kuhusu ndege hizi.

1. Je, wajua kwamba ndege inaweza kuuzwa kwa bei ya gari?

Cessna 172, ndege ya viti vinne yenye mabawa juu ya chumba cha rubani, iliingia sokoni mwaka 1956 kwa bei isiyofika dola 9,000. Kwa thamani ya fedha ya leo, hizo ni kama dola 100,000. Tangu hapo zimeundwa zaidi ya 44,000, na hakuna aina nyingine ya ndege iliyowahi kuundwa kwa wingi huo. Mpya ya leo inapita dola 400,000, yaani takriban shilingi bilioni moja za Tanzania.

Lakini wapenzi wengi wa kuruka hawanunui mpya. Hutafuta iliyotumika, na hasa Cessna 150, ndege ya viti viwili iliyoundwa kati ya 1958 na 1977. Iliyotunzwa vizuri huuzwa Marekani kwa bei inayokaribiana na ya gari jipya la kawaida la familia. Mwaka wa kuundwa hauwatishi wanunuzi, maana thamani ya ndege huamuliwa zaidi na saa ambazo injini imefanya kazi na kumbukumbu zilizowekwa. Kila kipuri kilichobadilishwa na kila ukaguzi uliofanyika huandikwa kitabuni na fundi akatia sahihi. Ndege iliyopoteza vitabu vyake hushuka bei vibaya, hata kama rangi inang'aa na viti ni vya ngozi.

2. Je, wajua kwamba kadiri unavyoruka kidogo ndivyo kila saa inavyokuwa ghali?

Gharama za ndege ziko za aina mbili. Kuna zinazolipwa hata ndege isipotoka bandani: kodi ya banda, bima na ukaguzi wa mwaka. Kisha kuna zinazohesabiwa kwa saa ya kuruka: mafuta, oili, matengenezo madogo na akiba ya injini.

Tuchukue mfano wa Cessna 150 kule Marekani. Tuseme gharama za kudumu ni dola 7,000 kwa mwaka, na za kuruka ni dola 60 kwa saa. Anayeruka saa 20 tu kwa mwaka, kila saa inamgharimu dola 410. Anayeruka saa 100 analipa dola 130 kwa saa. Akifika saa 200, inashuka hadi dola 95. Ndiyo maana marubani wazoefu humwambia mgeni kwamba asiyefikisha kama saa 100 kwa mwaka ni heri akodi. Wengi hawafikishi.

Katika zile dola 60 kuna fungu ambalo wamiliki wapya husahau. Watengenezaji wa injini hizi hupendekeza zifunguliwe zote na kuundwa upya baada ya saa 1,800 au 2,000. Kazi hiyo ikiwa ya dola 30,000 kwa injini ya saa 2,000, basi kila saa uliyoruka imekula dola 15 ambazo bado hujazilipa. Asiyeziweka kando mapema hukutana nazo zote kwa siku moja.

Kuiacha ndege ikae nako si kuokoa. Katika injini nyingi za kampuni ya Lycoming, kemshafti, yaani mhimili unaofungua vali, iko juu, mbali na oili iliyotuama chini. Injini isipowashwa kwa wiki nyingi, utando wa oili hukauka, unyevu ukaingia na kutu ikaanza kula chuma taratibu. Ndiyo sababu kampuni hiyo huweka ukomo wa miaka 12 sambamba na ukomo wa saa, na huwa ni kimojawapo kitakachotangulia.

3. Je, wajua kwamba watu watano wakichanga wanaweza kuruka kwa chini ya nusu ya gharama?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Chukua ndege ileile ya mfano wetu. Mmiliki mmoja anayeruka saa 40 kwa mwaka hutumia dola 9,400, yaani dola 235 kwa saa. Wakiwa watano, na kila mmoja akaruka saa zake 40, ndege inaruka saa 200 na kila mtu analipa dola 3,800. Ni dola 95 kwa saa, na injini nayo inafurahia kutumika.

Vikundi vya namna hii viko kwa maelfu Ulaya na Marekani, na vinavyodumu hufanana. Huwa na daftari la kuweka zamu, kanuni kwamba anayerudisha ndege huiacha imejazwa mafuta, mfuko wa akiba usioguswa, na mkataba wa maandishi unaosema fungu la mwanachama anayejitoa litathaminiwa vipi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho huokoa urafiki. Kuingia ni rahisi kwa kila mtu. Kutoka, mmoja akiwa amehama au amepatwa na shida ya fedha, ndiko kunakovunja vikundi visivyojiandaa.

4. Je, wajua kwamba kesi mahakamani zilichangia kupandisha bei ya ndege mpya?

Mwaka 1978 viwanda vya Marekani viliuza ndege ndogo 17,811. Mwaka 1994 viliuza 928. Uchumi ulikuwa mbaya katika baadhi ya miaka hiyo, lakini pia kampuni zilikuwa zikishtakiwa kwa ajali za ndege zilizoundwa miongo mingi nyuma, na gharama za mawakili na bima ziliongezwa juu ya bei ya kila ndege mpya. Mwaka 1986 Cessna iliacha kabisa kuunda ndege za injini moja ya pistoni.

Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayoweka ukomo wa miaka 18: ndege ikipita umri huo, kwa kawaida mtengenezaji hashitakiwi kwa ajali yake. Cessna ilijenga kiwanda kipya mjini Independence, jimbo la Kansas, na mwaka 1996 Cessna 172 ikaanza kuundwa tena. Hata hivyo, bei haikurudi ilikokuwa. Viwanda vinavyouza ndege mia chache kwa mwaka haviwezi kugawa gharama zake kama vilipokuwa vikiuza maelfu, na ndiyo maana anga za wapenzi bado zimejaa ndege za miaka ya 1960 na 1970.

5. Je, wajua kwamba Cessna 172 moja iliwahi kukaa hewani siku 64?

Tarehe 4 Desemba 1958, Robert Timm na John Cook waliruka kutoka Las Vegas kwa ndege iliyobeba jina la hoteli ya Hacienda, iliyotaka kujitangaza. Walitua tarehe 7 Februari 1959, baada ya siku 64, saa 22 na dakika 19. Walipoanza safari, gari lilikimbia chini yao na magurudumu ya ndege yakapakwa rangi nyeupe, ili ithibitike baadaye kwamba hayakuwahi kugusa ardhi. Mara mbili kwa siku walishuka hadi karibu kabisa na barabara iliyonyooka jangwani, lori likaenda nao kwa mwendo uleule, wakateremsha kamba ya kapi na kuvuta mpira wa mafuta juu. Chakula kilipanda kwa njia hiyohiyo.

Kwa jumla injini ilizunguka zaidi ya saa 1,550 bila kuzimwa. Mpenzi wa kuruka anayetumia saa 50 kwa mwaka angehitaji miaka 31 kuzifikisha. Ndege hiyo sasa imetundikwa katika uwanja wa ndege wa Las Vegas, ambako abiria hupita chini yake wakienda kuchukua mizigo.

6. Je, wajua fundi hutafuta nini katika ukaguzi wa mwaka?

Sheria ya Marekani inataka ndege ya namna hii ikaguliwe yote kila baada ya miezi 12, iwe imeruka saa 200 au saa mbili. Vifuniko vya injini huondolewa, viti hutolewa, vibao vya ukaguzi chini ya mabawa hufunguliwa ili nyaya za usukani zionekane.

Kipimo kimoja kinapendeza kukishuhudia. Fundi huondoa plagi, akasukuma hewa yenye shinikizo katika silinda moja baada ya nyingine, kisha akatega sikio. Hewa ikisikika ikipenya kwenye bomba la moshi, vali ya kutolea moshi haifungi sawasawa. Ikisikika kwenye mdomo wa kutilia oili, ringi za pistoni zimechakaa. Halafu huchukua chujio la oili, hulikata na kuikunjua karatasi yake juu ya meza, akitafuta chembe za chuma zinazometa. Chembe chache zinaweza kuwa za kawaida. Zikiwa nyingi, injini inajila, na ni bora kujua hilo ikiwa chini kuliko ikiwa juu ya msitu.

Ukaguzi huu ndio gharama ambayo hakuna aliye dukani, bandani au klabuni anayeweza kukuahidi kabla. Mwaka mmoja unaisha kwa kulipa kazi ya fundi tu. Mwaka unaofuata silinda moja inahitaji kubadilishwa na bili inaruka mara tatu. Anayepanga bajeti bila kuacha nafasi kwa mwaka mbaya bado hajapanga bajeti ya ndege. Na anayefikiria kumbana fundi ili aruke kwa bei nafuu, hilo si jambo la kubishania: asiruke.

7. Je, wajua kwamba ndege ndogo nyingi bado zinatumia petroli yenye risasi?

Magari ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara yaliacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, iliacha mwaka 2021. Ndege nyingi za pistoni bado zinaitumia, kwa sababu risasi huzuia mafuta kulipuka kabla ya wakati ndani ya silinda. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilitangaza rasmi kwamba risasi inayotoka katika ndege hizi ni hatari kwa afya ya umma, na sekta ya anga kule imejiwekea lengo la kuiondoa kufikia mwisho wa 2030.

Petroli hii hutiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na nyingine. Kabla ya kuruka, rubani hutoa kiasi kidogo kutoka chini ya tangi kwa kikombe angavu, akakiinua kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yakiwemo hukaa chini, tone lisilo na rangi linalotembea anapoinamisha kikombe. Akiliona hutoa tena na tena mpaka buluu ibaki peke yake.

Ni mafuta ghali, na mahali pengi Afrika hayapatikani mbali na miji mikubwa. Njia mbili zimejitokeza. Tangu 1982 ndege fulani za zamani zimeruhusiwa Marekani kutumia petroli ya magari, mradi isiwe na ethanoli. Na kampuni kama Diamond ya Austria huuza ndege zenye injini ya aina ya dizeli inayochoma mafuta yaleyale ya ndege za abiria, ambayo hupatikana kila penye uwanja mkubwa.

8. Je, wajua kwamba safari mashuhuri zilifanywa kwa ndege za mtumba, za kuazima na za kukodi?

Amy Johnson alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mawakili jijini London. Mwaka 1930 alipata ndege iliyotumika, Gipsy Moth ya pauni 600, kwa fedha za baba yake na mfadhili mmoja, akaruka peke yake kutoka Croydon tarehe 5 Mei na kufika Darwin, Australia, tarehe 24 Mei. Alikuwa amesomea pia ufundi wa injini na kupata leseni yake.

Beryl Markham, aliyekulia Kenya na kurusha ndege huko kwa malipo, alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi mwezi Septemba 1936. Ndege aliyotumia aliazimwa na John Carberry, mlowezi wa Kenya. Alianguka kwenye kinamasi cha Nova Scotia, Kanada, baada ya kama saa 21 hewani, akanusurika.

Na Mathias Rust, kijana Mjerumani wa miaka 18 aliyetua kando ya Uwanja Mwekundu wa Moscow mwezi Mei 1987, alikuwa amekodi Cessna 172 ya klabu yake. Hakuna hata mmoja kati ya hawa watatu aliyekwenda dukani na kununua ndege mpya kwa fedha zake.

9. Je, wajua kwamba unaweza kuijenga mwenyewe?

Mwanzo wa jambo hili ni Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyeishi Paris. Ndege yake ndogo iitwayo Demoiselle hakuifungia hataza. Aligawa michoro bure, na mwaka 1910 gazeti moja la ufundi la Marekani liliichapisha kwa ajili ya wasomaji. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Bernard Pietenpol wa Minnesota alibuni ndege ya mbao na kitambaa iliyosukumwa na injini ya gari la Ford Model A. Watu wangali wanaiunda hadi leo.

Kanuni ya Marekani inasema aliyejenga lazima awe amefanya zaidi ya nusu ya kazi kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, iliyoanzishwa 1973, huuza vipande vya ndege za RV, na zaidi ya 10,000 zimekamilika na kuruka. Mjenzi hutumia saa 1,500 au zaidi, mara nyingi jioni baada ya kazi kwa miaka kadhaa. Faida yake haiishii kwenye bei. Aliyeijenga anaweza kupewa cheti cha kuikagua yeye mwenyewe kila mwaka, na hivyo ile bili ya fundi inapungua sana.

10. Je, wajua haya kwa ufupi?

Marekani unaweza kurusha ndege ya kiti kimoja bila leseni na bila kuisajili, ikiwa uzito wake mtupu hauzidi kilo 115, haibebi zaidi ya lita 19 za mafuta na mwendo wake hauzidi kilomita 102 kwa saa. Huruhusiwi kuruka usiku wala juu ya makazi ya watu.

Ndege za Cirrus hubeba parachuti inayoweza kuishusha ndege nzima na watu wake. Parachuti hiyo lazima ibadilishwe au ifungwe upya kila miaka 10, kwa maelfu ya dola, hata kama haijawahi kutumika.

Katika mtaa wa Cameron Park, California, baadhi ya barabara zina upana wa mita 30, na vibao na masanduku ya barua vimewekwa chini ili mabawa yapite. Wakazi huendesha ndege kutoka uwanjani hadi mlangoni kwao.

Rubani mwenye leseni ya binafsi Marekani haruhusiwi kupata faida kwa abiria. Anaweza kugawana nao mafuta, ada za uwanja na gharama za kukodi, lakini naye lazima alipe fungu lake kamili.

11. Je, wajua kwamba Afrika Mashariki ilianza mapema?

Klabu ya marubani ya Afrika Mashariki, Aero Club of East Africa, iliundwa mwaka 1927 na makao yake yako uwanja wa Wilson, Nairobi. Uwanja huo una jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha shirika la ndege mwaka 1929 kwa kuanza na Gipsy Moth. Huko Mweiga, karibu na Nyeri, kumekuwa na klabu ya glaida, yaani ndege zisizo na injini zinazopanda kwa hewa ya joto inayoinuka.

Mapenzi hayo ya kuruka yalizaa pia huduma. Daktari wa upasuaji Michael Wood, aliyekuwa mwenyewe rubani, ni mmoja wa waanzilishi watatu wa shirika la afya la AMREF mwaka 1957, na madaktari wakaanza kuwafikia wagonjwa wa vijijini kwa ndege ndogo. Kwa muda mrefu fursa ya kuruka ilikuwa mikononi mwa walowezi na wachache wenye uwezo. Njia za kuipanua zinajulikana: kuchanga, kukodi, kununua kilichotumika, kujifunza ufundi.

12. Je, wajua pa kuanzia?

Viwango vya kimataifa kwa kawaida vinataka angalau saa 40 za kuruka kwa leseni ya rubani wa binafsi, na wanafunzi wengi huhitaji zaidi. Marekani, kijana anaweza kuruka peke yake kwa glaida akiwa na miaka 14, na kwa ndege ya injini akiwa na miaka 16.

Kwa hiyo kijana wa Dodoma, Kisumu au Mbarara anayeota kuwa na ndege asianze kwa kutafuta bei za kuuzia. Alipie saa moja ya mafunzo, ajue kama moyo wake uko huko kweli. Akiendelea, akodi. Akishajua kwa mwaka anaruka saa ngapi, atafute wenzake wanne wenye nidhamu ileile ya fedha na usalama, waandikiane mkataba, na ndege waijadili baada ya mkataba. Ndege moja inayorushwa na watano kila wiki ina afya kuliko tano zinazoshika kutu bandani, na itawapa wote watano saa nyingi hewani kwa fedha ambazo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuzipanga.